Kusoma saikolojia na sosholojia pamoja kampasi hapa Uganda: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila matokeo ya S.6, yaani kidato cha sita, yakitoka simu yangu inajaa meseji za wadogo zetu, wa Arua, wa Bombo, wa Kasese, na Wakongo waliomalizia shule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II, na wote wanauliza kitu kilekile: nikichukua saikolojia na sosholojia pamoja nitaweza kweli, na baadaye nitafanya kazi gani? Nimeona niandike yote mahali pamoja. Mimi mwenyewe nilisoma haya mawili Kampala, sasa hivi nafanya kazi na vijana na familia zao, na naamini kwa nchi kama yetu mchanganyiko huu una maana kubwa. Ila nimewaona wengi wanamaliza miaka mitatu wakiwa na masomo mawili yasiyojuana kichwani, saikolojia imekaa pembe yake, sosholojia yake, na mtu akiulizwa kwenye intavyuu ya kazi "hayo mawili yanakutana wapi" anabaki anaangalia meza. Kwa hiyo karibu kila hatua humu inahusu kuyakutanisha, na mapema.

Tuchukue jambo moja la mtaani tulitumie mpaka mwisho. Kijana wa bodaboda kwenye steji ameanza kunywa waragi kuanzia asubuhi. Saikolojia itakuuliza kuhusu yeye: anakimbia mawazo gani, alianza lini, mwili umeshazoea kiasi gani, akiwa na hasira anatulizaje moyo, alilelewaje. Sosholojia itakuuliza kuhusu yale yanayomzunguka: kwa nini wenzake wote wa steji hiyo wana miaka 20 na kitu na hawana kazi ingine, pombe inauzwa bei gani na karibu na nani, pikipiki ni ya nani na mwenyewe anadai shilingi ngapi kila jioni, mwanaume anayekataa kunywa na wenzake anaonekanaje. Serikali ilipopiga marufuku waragi wa vifuko vidogo mwaka 2019 haikumwita kijana yeyote kwenye ushauri nasaha, iligusa bei na upatikanaji. Na bado kuna vijana waliokuwa wanahitaji kukaa chini na mtu anayejua kusikiliza. Ukishaona kwamba maswali yote mawili ni ya kweli, na kwamba kila moja peke yake linaacha kitu nje, basi umeshaelewa kwa nini watu wanayasoma pamoja.

Hatua ya 1: Jua unaingilia mlango gani

Usijaze fomu kwa kufuata jina la kozi tu. Kuna njia tatu hivi. Ya kwanza ni digrii ya sayansi za jamii au ya Arts ambayo mwanafunzi anachanganya masomo, hapo ndo unaweka saikolojia na sosholojia kama masomo yako mawili. Ya pili ni digrii ya saikolojia yenyewe, mfano Makerere wana School of Psychology yenye digrii ya saikolojia ya jamii na ile ya saikolojia ya viwanda na mashirika, alafu unatafuta kozi za sosholojia ndani yake au za kuchagua. Ya tatu ni ustawi wa jamii, ile watu wanaiita SWASA, ambayo kwa asili yake inagusa pande zote mbili lakini imeelekea zaidi kwenye kazi ya vitendo na familia na jamii kuliko nadharia.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu fanya mambo mawili. Nenda au piga simu idarani uulize kama kombinesheni unayoitaka inafundishwa mwaka huu na kama ratiba zake hazigongani, maana kitu kinaweza kuwa kwenye broshua na wakati huohuo masomo mawili yamewekwa saa ileile na dakika ileile. Alafu ingia kwenye tovuti ya NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, uangalie kama programu hiyo imepitishwa na kibali chake bado kiko hai. Usiishie kuangalia kama chuo kimesajiliwa, angalia programu yenyewe, hivyo ni vitu viwili tofauti. Mzazi anauza ng'ombe alafu mtoto anamaliza kozi ambayo haitambuliki, inauma sana.

Kuhusu kuingia: njia ya kawaida ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango cha principal pass, yaani A hadi E, kwenye UACE, ule mtihani wa mwisho wa S.6. Vyuo vya serikali vinapiga hesabu ya uzito, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O ni 1, alafu masomo mawili yanayohesabiwa ya msingi kwa kozi hiyo yanazidishwa mara 3, linalofuata mara 2. Kwa hiyo B ya historia ikihesabiwa kama somo la msingi inakupa 15, na B hiyohiyo ikiwa nafasi ya pili inakupa 10, ndo maana watu wawili wenye alama zilezile mmoja anaingia na mwingine anabaki nje. Wasichana wanaongezewa pointi 1.5 kwenye vyuo vya serikali, huo mpango upo tangu 1990. Aliye na diploma anaingia kwa diploma, na mtu mzima wa miaka 25 kwenda juu anaweza kufanya mtihani wa mature age, hiyo njia msiidharau, kina mama kadhaa nawajua wameingia hivyo na wakawa vichwa vya darasa.

Wenye vyeti vya nje, yaani Diplôme d'État ya Congo, vya Tanzania, vya Kenya, Sudan Kusini, anzeni kusawazisha vyeti UNEB, baraza la mitihani la Uganda, mapema sana, miezi kabla ya chuo kufungua. Cheti cha Kifaransa kitatakiwa kitafsiriwe kwanza. Na mkimbizi aangalie udhamini wa DAFI wa UNHCR, umekuwepo tangu 1992 na hapa Uganda unatolewa, uliza ofisi ya elimu kwenye makazi yenu ni lini maombi yanafunguliwa na usisubiri tangazo likufikie, tangazo huwa linafika kwa aliyeenda kuuliza.

Hatua ya 2: Mwaka wa kwanza weka misingi miwili, usiweke mmoja

Kwenye saikolojia utaanza na historia: Wilhelm Wundt na maabara yake ya Leipzig ya 1879, alafu Freud, Pavlov, Skinner, Piaget na wenzao, alafu kumbukumbu, kujifunza, hisia, makuzi ya mtoto, kidogo ubongo. Kwenye sosholojia utakutana na Comte, Marx, Durkheim, Weber. Lekchara mzuri atakuongezea Ibn Khaldun aliyeandika Muqaddima mwaka 1377 na W.E.B. Du Bois aliyechunguza maisha ya Weusi wa Philadelphia kwenye kitabu chake cha 1899, na kama hatakuongezea watafute mwenyewe, kwa sababu wote wawili wanaonyesha kwamba kufikiria jamii kwa utaratibu hakukuanzia wala kuishia kwa wazee wachache wa Ulaya.

Hawa watu usiwakariri kwa tarehe na tafsiri ya maneno, utachoka na utasahau. Msome kila mmoja kwa kumuuliza: huyu alikuwa anajibu swali gani? Durkheim kwenye kitabu chake cha 1897 kuhusu kujiua alichukua jambo linaloonekana la mtu binafsi kuliko yote, akaonyesha kwamba viwango vyake vinatofautiana kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, kati ya walio kwenye ndoa na wasio na ndoa, na kwamba tofauti hizo zinajirudia mwaka hadi mwaka. Hakusema uchungu wa mtu haupo. Alisema kiwango cha jamii nzima kinahitaji maelezo ya kijamii. Ukilielewa hilo moja vizuri umepata nusu ya sosholojia ya mwaka wa kwanza, na pia umejua wapi mwanasaikolojia atasimama amuulize: sawa mzee, lakini kati ya watu mia walio kwenye hali ileile kwa nini huyu na si yule?

Kitu kilichonisaidia mimi ni daftari la tatu. Moja la saikolojia, moja la sosholojia, na la tatu la mambo yenyewe, yaani kila ukurasa una jambo juu: pombe, ndoa za utotoni, mtoto anayetoroka shule, ukimbizi, uzee. Nikitoka lekcha yoyote nikiona kitu kinachogusa jambo fulani nakiandika huko pamoja na jina la aliyekisema. Ilipofika mwaka wa tatu lile daftari ndo lilinipa mada ya utafiti na nusu ya marejeo yake.

Hatua ya 3: Jifunze kuandika kwa namna mbili

Hapa ndo alama zinapotea sana na hakuna anayekwambia mapema, kwa hiyo naomba usome polepole.

Ripoti ya saikolojia ina umbo lake: utangulizi wenye tafiti zilizotangulia na dhana inayopimwa, yaani kile unachokisia kuwa kweli, alafu mbinu, nani walishiriki, wangapi, walipimwa na nini, alafu matokeo kwa namba, alafu mjadala. Lugha ni fupi, kavu, na mtindo wa marejeo ni APA, toleo la saba. Ukiandika "jamii yetu imeoza" kwenye ripoti ya saikolojia lekchara atakuzungushia wino mwekundu akuulize umeipima na nini.

Insha ya sosholojia inataka hoja. Unachukua msimamo, unauweka kwenye nadharia, unaleta ushahidi, unamsikiliza anayekupinga, unamjibu. Ukileta insha yenye vichwa vya "mbinu" na "matokeo" bila hoja utaambiwa umeeleza tu hukuchambua. Na neno nadharia lenyewe linatumika tofauti, kwenye saikolojia mara nyingi ni kitu unachotoa dhana ndogo uende kuipima, kwenye sosholojia mara nyingi ni miwani unayoangalia nayo kitu kizima, ukibadilisha miwani unaona mengine.

Basi fanya zoezi hili mara moja kila semista: chukua jambo moja, kwetu hapa lile la kijana wa boda, uliandike ukurasa mmoja kama ripoti ya saikolojia na ukurasa mmoja kama insha ya sosholojia. Sio la kupeleka kwa lekchara, ni lako. Utahisi mkono unavyobadilika. Nikikaa na wanafunzi nawafanyisha hili kabla ya kitu kingine chochote na karibu wote wanashangaa jinsi walivyokuwa wanachanganya.

Alafu kuna mtego mmoja mbaya, ule wa kuruka kutoka takwimu za kundi kwenda kwa mtu mmoja. Ukisoma kwamba wilaya zenye umaskini zaidi zina tatizo fulani zaidi, hujapata ruhusa ya kusema maskini huyu hapa ana tatizo hilo. Na kinyume chake, ukiongea na wagonjwa watano hujapata ruhusa ya kuieleza Uganda. Anayesoma masomo haya mawili anatakiwa awe makini kuliko wote hapo kwa sababu kila siku anavuka huo mpaka.

Hatua ya 4: Takwimu usizikimbie

Najua wengi mlichagua Arts ili hesabu ziishe. Hazijaisha. Masomo yote mawili yana takwimu na mbinu za utafiti, na uzuri ni kwamba ukizisoma kwa bidii mara moja zinakulipa mara mbili. Unachohitaji kwa digrii ya kwanza kinahesabika: wastani, mtawanyiko, uhusiano kati ya vitu viwili, t-test, chi-square, na regresheni ya kawaida. Usianze na fomyula. Anza na swali: nataka kulinganisha makundi mawili, au nataka kuona kama vitu viwili vinaenda pamoja?

Programu ya SPSS ndo inafundishwa sana na ni ya bei, lakini jamovi, JASP na PSPP ni za bure na zinafanya karibu kila kitu utakachoombwa, laptopu ya kawaida inatosha. Data za kufanyia mazoezi zipo. UBOS, ofisi ya takwimu ya serikali, wanatoa ripoti na jedwali za sensa ya 2024, ile iliyohesabu watu milioni 45.9, na Afrobarometer, wanaopima maoni ya watu Afrika, wana data za Uganda za miaka mingi unazopakua bure na kuzichezea. Kaa na data ya kweli ya nchi yako jioni moja, jiulize kitu kimoja tu, mfano vijana wa mjini na wa kijijini wanaaminije polisi, utajifunza kuliko ukikariri noti za slaidi wiki nzima.

Na upande wa mahojiano pia ni ufundi, usifikiri ni kupiga stori. Kurekodi kwa ruhusa, kuandika neno kwa neno, kupanga maneno ya watu kwenye mada, kuonyesha umefikaje kwenye hitimisho. Ofisi za mashirika zinakusanya data kwa KoboToolbox kwenye simu, jifunze, ni ya bure na wikendi moja inakutosha kuanza.

Hatua ya 5: Soma utafiti uliofanyika hapahapa

Hii hatua naipenda kuliko zote. Watu wanamaliza digrii wanajua majaribio ya panya wa Marekani na hawajui kwamba moja ya nadharia kubwa za makuzi ya mtoto, ile ya attachment, jinsi mtoto anavyojifunga kwa mlezi wake, ina mguu wake hapa Buganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Kampala mwaka 1954 pamoja na mumewe aliyekuwa amepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuwa MISR ya Makerere. Akaanza kutembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi kadhaa, akiangalia watoto wachanga na mama zao, wanavyolia mama akiondoka, wanavyomtumia kama mahali pa kurudi wakishaenda kuchunguza chumba. Kitabu kikatoka 1967. Ule utafiti maarufu wa Baltimore, wa mama kutoka chumbani na kurudi, ulikuja baada ya Uganda.

Sasa msome kwa macho mawili. Kwa jicho la saikolojia utaona jinsi uangalizi wa subira unavyojenga nadharia. Kwa jicho la sosholojia jiulize: kwenye nyumba ya Kiganda ya wakati ule, na ya kwetu ya leo, mtoto anabebwa na nani wengine? Jjajja, yaani bibi, yupo, dada wa miaka minane yupo, mgongoni kwake kuna mtoto, senga, shangazi yake, anakuja. Nadharia inayomuweka mama katikati inasema nini kuhusu hao? Swali hilo peke yake linaweza kuwa insha yako nzuri kuliko zote.

Wa pili ni utafiti wa Paul Bolton na wenzake uliochapishwa 2003, uliofanyika kwenye vijiji 30 vya Masaka na Rakai, sehemu ambazo UKIMWI ulikuwa umezipiga vibaya. Hawakuja na dodoso la kizungu wakaligawa. Kwanza walikuwa wamewauliza wanavijiji wenyewe matatizo yao ni yapi na mtu mwenye huzuni nzito anaonekanaje, alafu wakaangalia inalingana vipi na sonona, yaani depression, ya kwenye vitabu. Vijiji vikagawanywa kwa bahati nasibu. Kwenye nusu yake watu walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao, wanawake kwao, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili, hawakuwa madaktari. Waliokuwa na vigezo vya sonona kwenye vikundi walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, na vijiji ambavyo havikupata vikundi vilishuka kutoka 94 hadi 54.7. Angalia kilichofanya kazi pale: tiba ya saikolojia, ndio, lakini imekaa ndani ya kitu cha sosholojia, kikundi, jirani, jinsia, lugha ya kijiji. Ukiwa na hiyo mifano miwili kichwani hakuna atakayekubabaisha kwamba masomo haya hayaendi pamoja.

Ongeza na TASO, shirika la kusaidia wenye UKIMWI, iliyoanzishwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake. Watu walioguswa na UKIMWI walianza kukaa pamoja na kusaidiana wakati dawa hazipo, na ushauri nasaha kwa Uganda ukapata mizizi hapo.

Hatua ya 6: Semista, makundi na pesa

Semista ni wiki 17 hivi, 15 za masomo na mbili za mitihani, na kozi-weki za pande zote mbili huwa zinaangukia wiki zilezile za katikati. Andika tarehe zote siku ya kwanza kwenye karatasi moja ubandike ukutani. Usikubali riteki, yaani masomo ya kurudia, zirundikane, riteki ya takwimu hasa inakufuata hadi mwaka wa tatu ukiwa na utafiti mkononi. Alama ya jumla ni kati ya 5.0, kuanzia 4.40 ni daraja la kwanza, 3.60 hadi 4.39 ni la pili la juu, na udhamini mwingi wa mastazi unaanzia hapo. Kwa hiyo mwaka wa kwanza unahesabika, yule anayekwambia ni wa kujizoeza anakudanganya.

Kikundi cha kusoma kiwe cha watu wanne au watano, na kiwe na angalau mmoja anayesoma uchumi au takwimu. Noti za fotokopi za Wandegeya zitakusaidia usiku wa mwisho ila haziwezi kukufundisha kuandika.

Hatua ya 7: Toka nje ya darasa, lakini kwa adabu

Barua ya intanshipu ichukue idarani mapema, peleka sehemu tatu au nne kwa mkono wako. Sehemu zinazofaa kwa mchanganyiko huu ni ofisi ya afisa ustawi wa jamii wa wilaya, yule anaitwa probeshoni, hapo utaona kesi za matunzo ya watoto, ugomvi wa ndoa, watoto waliopotea, kwa kweli ni shule kubwa. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika, iliyopo tangu 1955. TASO. Magereza. Shule za sekondari. Mashirika ya kwenye makazi ya wakimbizi. Na hapa wewe unayesoma haya kwa Kiswahili una kitu ambacho wanafunzi wengi wa Kampala hawana, kwa sababu Nakivale, Kyaka II, Kyangwali, Rwamwanja, Wakongo wengi wanaeleza machungu yao kwa Kiswahili, na afisa asiyekijua anafanya kazi kupitia mkalimani ambaye pengine ni jirani wa huyo mama. Andika Kiswahili kwenye CV yako, juu, usikifiche kama lugha ya barabarani.

Sasa la muhimu. Ukiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili mtaani watu wataanza kukuita daktari wa mawazo na kukuletea siri zao. Sikiliza, kuwa binadamu, tunza siri, lakini usijifanye unatibu. Jua mapema unampeleka wapi mtu: kituo cha afya chenye muuguzi wa magonjwa ya akili, Butabika, na kwa mtoto anayeumizwa namba ya bure 116. Mtu akikuambia anataka kujidhuru usibaki na hilo peke yako na usiahidi kulificha, kaa naye, mtafute mtu mzima mnayemwamini, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Utafiti wa mwisho

Swali liwe dogo. "Pombe na vijana Uganda" sio swali, ni maktaba nzima. "Waendesha boda wa steji tatu za Makindye wanaelezaje uhusiano kati ya deni la pikipiki na kunywa kwao" hilo ni swali, na tazama, lina pande zote mbili ndani yake: deni ni jambo la kijamii, kuelezea kwao ni jambo la nafsi. Unaweza kuchanganya mbinu, dodoso fupi kwa watu 60 alafu mahojiano marefu na 8, ila usichanganye kwa ajili ya kuonekana msomi, changanya kama swali linadai.

Kila kitu kina kibali chake. Supavaiza wako, kamati ya maadili ya utafiti, UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, kama utafiti unafika huko, na kwa makazi ya wakimbizi unahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, haitoki wiki moja, kwa hiyo anza likizo ya kabla. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha ambayo mtu anaisoma, na asiyesoma asomewe.

Vipimo navyo. PHQ-9 ya sonona, maswali tisa, kila moja 0 hadi 3, jumla 27, ina toleo la Kiswahili. Lakini Kiswahili cha pwani ya Kenya na cha Mkongo wa Kivu anayeishi Nakivale havifanani, kwa hiyo kabla ya kwenda fildi kaa na watu watano sita wa hapo, waulize kila swali wamelielewaje kwa maneno yao. Mtu mwingine atafsiri maneno yenu kurudi Kiingereza bila kuona ya mwanzo, alafu linganisha. Na mpange mapema mtafanya nini mtu akipata alama kubwa, huwezi kumpima mtu ukaona anaumia alafu ukafunga laptopu ukapanda takisi.

Hatua ya 9: Baada ya gauni

Niwe mkweli hapa kwa sababu wengi wanadanganywa: digrii ya kwanza haikufanyi mwanasaikolojia wa hospitali. Ukitaka kutibu unahitaji mastazi ya saikolojia tiba, Makerere wanayo, ina mafunzo ya vitendo mazito na nafasi ni chache. Ukitaka ushauri nasaha kuna mastazi zake pia. Ukitaka utafiti au sera, upande wa sosholojia utakubeba. Lakini kwa digrii ya kwanza peke yake kazi zipo za ulinzi wa watoto, msaada wa kisaikolojia na kijamii kwenye makazi, maendeleo ya jamii wilayani, rasilimali watu kwenye makampuni, na ufuatiliaji na tathmini kwenye mashirika, hiyo ya mwisho inalipa vizuri kwa anayejua takwimu na pia anajua kuongea na watu.

Kwenye maombi ya kazi usiandike tu "nimesoma saikolojia na sosholojia". Ambatanisha kitu: ukurasa mbili wa muhtasari wa utafiti wako, jedwali moja ulilolitengeneza wewe, dodoso ulilotafsiri na kulijaribu. Na barua za mapendekezo omba kwa lekchara wawili, mmoja kila idara, ukiwa bado upo kampasi na wanakukumbuka kwa sura, waachie nakala ya matokeo na muhtasari wako ili wakiandika wawe na cha kusema. Transkripti ikitoka toa nakala kadhaa zilizothibitishwa siku hiyohiyo, original usimpe mtu yeyote.